Njia ya Francistown Huanzia Getini

"Hii simu yako imewahi kulala Nakonde?"

Nzomo aliniuliza hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye karatasi nilizokuwa nimemwekea mapajani. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Juni mwaka 2025, na kamati ya harusi ya Vivian ilikuwa imeketi uani mwa ploti yetu ya nyumba za kupanga, mtaani Baba Dogo, kati ya tangi la maji na kamba za nguo. Safari nzima nilikuwa nimeikokotoa kwa ramani ya simu: kutoka Nairobi hadi Francistown, nchini Botswana, kilomita elfu tatu na mia tatu, mipaka mitatu, siku tatu. Karatasi nilizichapa kazini, katika kiwanda cha rangi kule Industrial Area ninakofanya ukarani, na kila nchi niliipa rangi yake. Nina shahada ya jiografia. Nilidhani kwamba, kwa mara moja maishani, nimeitumia.

"Haijawahi," nikakiri.

"Basi isiniambie siku tatu. Pale mpakani Nakonde mimi nimelala siku tisa, Mwalimu. Tisa, nikioga kwa maji ya chupa." Aliikata siku ya tatu kwa mstari mmoja mzito uliotoboa karatasi. "Na hapa umetuvusha Kazungula, umetufikisha Nata saa nne usiku. Hiyo barabara usiku ni ya ndovu. Ushawahi kukutana na ndovu ana taa?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amekasirika kikweli, hasira ya fundi anayeona kazi yake imeshikwa na asiyeijua.

Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne: mtu mfupi, mpana wa mabega, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa mweusi kuliko wa kushoto, kwa kuwa aliuegemeza kwenye dirisha la lori kwa miaka ishirini na minane. Alikuwa dereva wa transiti, wale wanaovusha mizigo kutoka nchi hadi nchi. Lusaka, Harare na Lubumbashi alizijua kama sisi tunavyovijua vituo vya kutoka hapa hadi mjini. Aliniita Mwalimu, kama kila mtu katika ploti, ingawa sijawahi kusimama mbele ya darasa. Sikuwasahihisha kwa sababu ingenibidi nieleze shahada imenifikisha wapi, na jibu lilikuwa hapo hapo uani: nyumba nambari saba, chumba kimoja na jiko la pembeni, na ramani ya Afrika ukutani. Mpaka wa nchi yangu sijawahi kuuvuka hata mmoja. Safari hii ingekuwa ya kwanza.

Lakini haikuwa safari yangu. Ilikuwa ya Asenath wa nyumba nambari nne, mjane kutoka Vihiga, anayeuza nguo za mitumba. Asenath ana mtoto mmoja tu, Vivian, muuguzi aliyepata kazi Francistown na huko huko akapata mchumba. Harusi ilipangwa tarehe kumi na sita Agosti. Mchumba alijitolea kumkatia mama mkwe tiketi ya ndege, naye Asenath akakataa.

"Niende peke yangu kama aliyepotea?" alituuliza. "Msichana asiye na watu nyuma yake, huko anakoolewa watasema aliokotwa."

Kwa hiyo wangekwenda watu kumi na watatu: yeye, shemeji yake Luseno, jamaa kumi kutoka kijijini, na mimi, katibu wa kamati. Burale, mwenye basi dogo huko Eastleigh, alikubali kulikodisha kwa sharti kwamba dereva awe mtu ambaye pasipoti yake imeiona mihuri ya mipaka hiyo yote. Katika mtaa mzima tulimjua mmoja. Nzomo angekataa, Vivian angeolewa bila mtu wa kwao hata mmoja nyuma yake.

Hakuwa na haja ya kubembelezwa. Alikuwa na sababu yake, na aliitaja mara moja tu, kwa ukali, kana kwamba anaogopa tutamcheka. Kule Kazungula, ambapo Zambia na Botswana hugusana mtoni, malori yalikuwa yakivushwa kwa pantoni, moja moja, na foleni ilikuwa ya siku nyingi. Katika miaka yake ya mwisho aliziona nguzo za daraja zikipanda kutoka majini, safari hii kimo cha mtu, safari ijayo kimo cha mnazi. Daraja lilifunguliwa Mei 2021. Yeye kazi ilikuwa imekwisha mwaka mmoja kabla.

"Nataka nilipite hilo daraja nikiwa nimeshika usukani," alisema. "Basi. Msiniulize tena."

"Na kuku je?" Asenath akauliza.

"Kuku gani?"

"Wa kupelekea wakwe. Nimewafuga tangu Januari. Majogoo wawili na mtetea."

"Mama Vivian, kuku hana pasipoti."

"Tutawaficha chini ya kiti."

"Jogoo. Umfiche mipaka mitatu, na umwambie asiwike." Nzomo aliweka kalamu chini. "Huko Botswana kuna nyua za waya za kuzuia maradhi ya mifugo. Unashushwa, unakanyagishwa dawa na viatu vyako, na chochote cha nyama au maziwa kinabaki hapo. Jogoo wako atatupwa shimoni ukimwangalia."

"Sasa Mluhya aende ukweni mikono mitupu?" alisema Luseno. Luseno ni ndugu wa marehemu mume wa Asenath, na ndiye mwenyekiti wa kila kitu katika ploti: kamati ya harusi, baraza la wapangaji, hata kamati ya tangi la maji. "Ndugu yangu atageuka kaburini."

"Ageuke mkiwa mmefika. Si ageuke mkiwa mmekalishwa Kazungula mkiandika taarifa ya jogoo."

Hata Asenath alicheka hapo, na kuku wakaondolewa kwenye orodha, ingawa alinong'ona kwamba mayai ya kuchemsha si kuku. Kisha Nzomo akaanza kututajia tuliyokuwa hatujui. Kuna kadi mbili za manjano, alisema, na watu huchanganya: moja ni ya bima ya gari, nyingine ni ya chanjo ya homa ya manjano, ya kwanza ikikosekana gari linabaki, ya pili ikikosekana mtu anabaki. Barua ya idhini ya Burale iwe na muhuri wa wakili na nakala sita, kwa sababu kila afisa hutaka kubaki na moja. Mtu asitanie kuhusu dawa wala bunduki. Mtu asimpige picha askari. Alitaja mambo hayo harakaharaka, akitukaripia kabla hatujakosa, nasi tukainamisha vichwa kama watoto.

Alipoomba karatasi ya kuandikia mpango wote nyumbani kwake, nilimpa kitabu.

Ni kaunta buku lenye jalada jeusi na mgongo mwekundu, ambamo kumbukumbu za baraza la wapangaji zimeandikwa tangu mwaka 2018. Kamati ya harusi ilistahili kuwa na kitabu chake. Luseno alisema ni uharibifu, ikiwa nusu ya hili bado ni nyeupe. Sisi hatutupi kitabu chenye kurasa safi. Niliandika "Harusi ya Vivian" juu ya ukurasa mpya, nikapiga mstari, na mambo mapya yakaendelea chini ya mambo ya zamani. Nilimkabidhi Nzomo kitabu hicho kwa mikono miwili. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku ile kama nilikuwa nimesahau kilichokuwa katika ukurasa wa thelathini na moja, au kama kuna kitu ndani yangu kilichokuwa kimechoka kukilinda. Ningependa kuamini la pili. Nadhani ni la kwanza.

Mwezi wa Mei mwaka 2020, korona ilipokuwa mpya na hofu mpya zaidi, redio ilitangaza kila jioni idadi ya madereva wa malori waliopatikana na ugonjwa mipakani. Nzomo alikuwa njiani akitoka Lusaka. Baraza liliketi, nyumba kumi na moja kati ya kumi na mbili. Mbeti, mke wa Nzomo, hakuitwa. Luseno alitoa wazo kwamba asiruhusiwe kuingia, na hakuna aliyepinga. Mtu mmoja aliuliza tu: tutatazamana naye vipi baadaye? Hapo ndipo lilipozuka wazo la pili, kwamba barua iandikwe kana kwamba imetoka kwa Kiilu, wakala wa mwenye ploti. Katibu nilikuwa mimi. Niliiandika kwa Kiswahili sanifu nikaichapa kazini. Ilianza hivi: "Kwa heshima kubwa na kwa kuijali afya yako."

Alipofika alikuta geti limefungwa kwa mnyororo na barua imebandikwa juu yake. Alikuwa na cheti cha kipimo kilichoonyesha hana ugonjwa. Alikipitisha kati ya vyuma vya geti. Tulikuwa ndani, watu kama wanane, na hakuna aliyenyoosha mkono. Kilianguka kikabaki chini. Akarudi kulala katika lori, kwenye yadi ya kampuni, siku ishirini na moja.

Ndani ya nyumba nambari tisa alikuwemo babake, mzee Nzivo, mchongaji wa vinyago kutoka Wamunyu, aliyekuwa ameletwa mjini kutibiwa figo. Siku ya kumi na mbili mzee alifariki. Nilikuwepo mwili ulipotolewa. Tulimtaka Nzomo asimame upande wa pili wa barabara, mbele ya kibanda cha kinyozi, naye akasimama pale, barakoa usoni na kofia mkononi, babake akipitishwa. Mtu mmoja tu wa ploti alivuka barabara akasimama naye. Alikuwa Vivian, wakati huo mwanafunzi wa uuguzi wa miaka ishirini. Ndiye aliyekuwa akimpelekea uji kule yadi, kwa miguu, akirudi kabla ya saa ya kafyu. Mamake alimgombeza kwa hilo. Sisi tulisema ana kichwa kigumu.

Barua ile Nzomo aliiamini. Alimwendea Kiilu, ambaye ni Mkamba mwenzake na walisoma darasa moja huko Mwala, akamuuliza kwa nini. Kiilu aliapa kwamba hajui lolote. Nzomo akamwita mwongo mbele ya watu, na kwa miaka minne hakumjibu salamu. Mwaka jana mwezi wa Novemba Kiilu alianguka bafuni akafa. Nzomo hakwenda kumzika. Sisi wapangaji tulikwenda. Tulikodi hata gari.

Jumatano baada ya kumpa kitabu, nilimkuta Mbeti kwenye tangi la maji. Ni mwanamke mpole ambaye huanza kila jambo kwa kuuliza habari za nyumbani. Siku hiyo hakuuliza.

"Mwalimu, umempa Baba Mbinya nini?" Hivyo ndivyo alivyomwita mumewe.

"Kitabu cha kamati. Kwani?"

"Hali chakula. Anakisoma, anakifunga, anakifungua pale pale. Nikimuuliza ananiambia niende nikalale." Alifunga mfereji ingawa ndoo yake ilikuwa nusu. "Alikaa hivyo mara moja tu. Wewe unajua ni lini."

Nilijua. Nilipanda chumbani nikaketi chini ya ramani yangu. Ningeweza kwenda kumgongea jioni ile na kusema: ndiyo, ni mimi. Nyumba nambari tisa ni hatua kumi na nne kutoka kwangu. Nilijiambia kwamba jambo la watu kumi na mmoja halisemwi na mmoja, kwamba huenda anasoma habari za tangi, kwamba neno langu lingeivuruga safari ya Asenath. Nina ustadi wa kujipatia sababu. Ndicho kitu pekee nilichosomea kikamilifu.

Jumapili iliyofuata aliingia uani wa mwisho. Alikuwa amevaa koti lake la zamani la kazi, la kijani, lililofifia mabegani. Hakuketi.

"Siku saba," alisema, kitabu kikiwa kimefunguliwa mkononi. "Tunatoka hapa Ijumaa tarehe nane Agosti saa kumi na mbili asubuhi. Saa tatu Namanga. Tunalala Dodoma. Jumamosi Mbeya. Jumapili ni ya Tunduma na Nakonde peke yake. Hata tukivushwa kwa saa moja, hatusongi. Mtu akiwa na haraka mpakani anaanza kujibizana na forodha, na forodha haina haraka. Jumatatu Serenje, Jumanne Lusaka, Jumatano tuko kwenye daraja, Alhamisi tunaingia Francistown jua likiwa juu. Anayetaka siku tatu apande ndege."

Luseno alipiga makofi. "Sasa huo ndio mpango. Mzee, Mungu akuweke."

"Asiniweke bado. Kuna kumbukumbu za kikao kilichopita. Kikao hakiendi mbele bila kusoma kumbukumbu, si ndivyo mwenyekiti?" Alipekua nyuma, kurasa nyingi, polepole, kisha akanipa kitabu. "Soma, Mwalimu. Ni mwandiko wako. Mwandiko mzuri."

Nilisoma. Sikuona njia nyingine. "Kumbukumbu ya tatu, Mei 2020. Kuhusu Bwana Nzomo wa nyumba nambari tisa. Mwenyekiti alieleza hatari iliyopo. Wajumbe wote walikubaliana kwamba mhusika asiingie kwa muda usiojulikana. Imeamuliwa barua iandikwe kwa jina la ofisi ya wakala, ili kulinda ujirani mwema. Katibu aiandike."

"Rudia hapo pa ujirani."

"Ili kulinda ujirani mwema."

"Tena."

Nilirudia. Kwenye kamba shuka lilipigwa na upepo likatulia. Asenath alikuwa ameshika mdomo.

"Baba Mbinya," alisema, "tuliogopa. Kila mtu aliogopa."

"Kuogopa nakujua. Nimebeba mafuta kwenye mteremko bila breki, usiniambie habari ya kuogopa." Sauti yake haikupanda, ilishuka, na ikawa mbaya zaidi. "Mngesema, sisi tumeogopa, lala nje. Ningelala. Ningewatukana, halafu ningelala, halafu mwaka ungeisha na sisi tungecheka. Lakini mlitafuta mtu wa kubeba. Mkamvika Kiilu."

"Mambo ya korona yalikuwa ya dunia nzima," Luseno alianza. "Hata huko Ulaya..."

"Ulaya haijawahi kunifungia geti. Wewe ulinifungia. Baba yangu alikuwa hapo," akaonyesha mlango wa nambari tisa kwa kidole, "akiuliza Mbeti, huyu mtoto amefika? Na Mbeti anamwambia yuko njiani. Nilikuwa hapo kwa kinyozi. Hatua thelathini. Nilizihesabu. Kiilu aliniapia kwa jina la mamake. Nikamtemea mate miguuni. Miaka minne anapita hapa kukusanya kodi, ananiambia kwa Kikamba, Nzomo, wĩ mũseo, u mzima? na mimi nageuza uso. Akafa hivyo. Mlinipa hasira ya mtu mwingine nikaibeba kama mzigo wa transiti, muhuri haujafunguliwa, sijui hata ndani kuna nini. Na nyinyi mkaenda kumzika. Mkaimba."

Nilitaka kusema, na maneno niliyokuwa nayo yote yalikuwa ya ile barua: heshima, kujali, masikitiko. Niliyaona yalivyo, nikayaacha.

"Utaendesha?" Asenath aliuliza hatimaye. Alikuwa akilia bila sauti. "Sema tu. Ukikataa nitamwambia Vivian ukweli, kwamba ni makosa yetu."

Nzomo alimtazama muda mrefu. Mimi niliamini kwamba atakataa, na sehemu yangu moja, naandika haya kwa aibu, ilitamani akatae, ili adhabu tugawane sawasawa na iishe.

"Msichana wako alivuka barabara," alisema. "Kila siku alikuja na uji kwenye chupa ya chai, anakaa chini ya trela, anasubiri ninywe, anaosha kikombe. Nitampelekea watu wake. Wewe utakwenda kwa sababu u mamake. Huyu," akamwelekezea Luseno kidevu, "atakwenda kwa sababu babake Vivian hayupo, na msichana hasimamishwi bila mwanamume wa ukoo. Sitakula nanyi. Sitaomba nanyi. Tukifika mpakani nitawaambia mfanye nini, mtafanya. Hayo ndiyo maongezi yetu hadi turudi."

Kisha akanigeukia. Miaka yote aliniita Mwalimu. Siku hiyo aliniita kwa jina langu.

"Andati hapandi gari langu."

Luseno alitoa wazo, mimi niliandika. Mwenye wazo angekwenda Francistown na mwenye kalamu angebaki. Nililiwazia jambo hilo wiki nyingi, nikiona limepinda. Nilikasirika. Nilimkasirikia Luseno aliyekubali upesi mno, akiniwekea mkono begani na kusema wazee wana mambo yao. Nilimkasirikia Nzomo pia, kwamba alilipima kosa la kila mtu kwa haja ya harusi na si kwa haki. Lakini usiku mmoja nilitoa nakala ya barua ile, niliyokuwa nimeihifadhi katika faili la vyeti vyangu, nikaisoma tena. Ilikuwa nzuri. Hakuna neno lililokuwa limezidi. Wengine waliogopa na wakainua mikono. Mimi, baada ya hofu, niliketi kwa utulivu nikachagua maneno, nikabadili "tunakuamuru" kuwa "tunakuomba", nikafurahi kwamba imesomeka vizuri. Hasira yangu kwa Nzomo haikupata pa kusimama tena, ikanirudia.

Mwishoni mwa Julai alisafiri peke yake hadi Mwala. Alikwenda na kitabu, Mbeti aliniambia, akamsomea mjane wa Kiilu ukurasa ule, kisha akaenda kaburini akakaa huko hadi jua likawa kali. Nilimwambia Mbeti kwamba ningependa kwenda naye siku nyingine, nikaseme sehemu yangu. Mbeti alipeleka ujumbe na kuniletea jibu: njia ya Mwala haina mpaka wala geti, kila mtu huenda kwa miguu yake. Nitakwenda. Nimesema hivyo mara kadhaa sasa.

Tarehe nane Agosti basi la Burale liliingia uani saa kumi na moja na nusu. Jamaa wa kijijini walikuwa wamelala kwa majirani. Walipakia masanduku, mablanketi, na kikapu cha mayai ya kuchemsha ambacho Nzomo alikitazama akakiacha. Alilizunguka gari mara mbili, akagonga kila gurudumu kwa mpini wa nyundo akisikiliza mlio wake. Alihesabu pasipoti, kisha kadi za chanjo, kisha watu. Kumi na wawili. Luseno aliomba kwa sauti ndefu. Nzomo alikuwa ameshaingia nyuma ya usukani, akitazama mbele.

Geti lilikuwa limefungwa tena baada ya basi kuingia. Mlinzi wa ploti alipoinuka, Nzomo alitoa mkono dirishani, ule mweusi, akamzuia.

"Andati."

Nilikwenda. Mnyororo ni ule ule, na kufuli ni lile lile, gumu kufunguka asubuhi ya baridi. Nililifungua, nikavuta milango yote miwili hadi ukutani, nikasimama kando. Basi lilipita karibu nami kiasi cha kunigusa nguo. Asenath alinipungia mkono kutoka kiti cha nyuma. Nzomo alivuka barabara, akalisimamisha gari upande wa pili, mbele ya kibanda cha kinyozi kilichokuwa hakijafunguliwa, akaacha injini ikinguruma. Nilidhani amesahau kitu. Aliteremsha kioo akanitazama kutoka pale, nami nikiwa ndani ya geti. Ni hatua thelathini. Nilizihesabu baadaye, naye alisema kweli.

"Funga," alisema.

Nilivuta mlango wa kwanza, nikavuta wa pili, nikapitisha mnyororo. Alingoja mpaka akaona nimefunga kufuli. Ndipo akatia gia, akashika njia ya Namanga.